Gereza la kisiasa likishafungwa: makumbusho, kituo cha haki au hoteli?

Gereza lililofunga watu kwa sababu ya siasa lina tabu ambayo ghala au shule ya zamani haina. Serikali ikibadilika na wafungwa wakatoka, kila mtu anakuja na lake. Huyu anataka libomolewe watu wasahau, yule anataka watalii, mwingine anataka pawe mahali pa kuwasaidia wanaoonewa leo. Wote wana hoja, na bahati nzuri njia zote hizo zimeshajaribiwa na wenzetu, kwa hiyo hatuna sababu ya kubahatisha.

Naandika nikiwa Dodoma, na nawaandikia watu wa hapa: halmashauri, vikundi vya wasaidizi wa kisheria, walimu wa historia na wanafunzi wa sheria. Mji huu una Bunge, una makao makuu ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na mkoa una Kongwa, ambayo nitaifikia. Niondoe mapema jambo moja: Isanga ni gereza linalofanya kazi, silizungumzii. Nazungumzia jengo lolote la aina hiyo litakaloachwa wazi, liwe boma la zamani, mahabusu ya wilaya isiyotumika, au majengo ya kambi.

Kisiwa cha Robben na Constitution Hill

Nchi ni moja, Afrika Kusini, historia ni ileile, lakini njia ni mbili tofauti. Ndiyo maana nitakaa hapa kuliko kwingine.

Robben ni makumbusho. Wafungwa wa kisiasa wa mwisho waliondoka kisiwani 1991, wale wa makosa ya kawaida wakafuata 1996, na Januari 1997 pakafunguliwa kwa umma. UNESCO wakapaandikisha kuwa urithi wa dunia 1999. Mgeni anapanda boti bandarini Cape Town, anavuka, na ndani ya gereza anaongozwa na mtu aliyewahi kufungwa humohumo. Nguvu yote ya mahali iko hapo. Chumba alichokaa Mandela miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo ni kidogo na hakina kitu cha kuonyesha, lakini ukisimuliwa na mtu aliyekuwa chumba cha jirani, mambo yanabadilika. Kuna pia kadi ya mgawo wa chakula. Magereza yaligawa posho kwa rangi: mfungwa aliyeandikwa Mhindi au chotara alipewa jamu kidogo, aliyeandikwa "Bantu" hakupewa kabisa, na nyama yake ilipunguzwa. Karatasi moja ya jikoni inaeleza ubaguzi kuliko hotuba ya saa nzima.

Udhaifu wake sasa. Upepo ukikaza, boti haziendi. Waongozaji wanazeeka na wengine wameshafariki, na kijana aliyekariri maelezo hawezi kushika nafasi ya mzee aliyenyea debe kweli. Kubwa zaidi ni kwamba mtu mwenye shida leo, aliyefukuzwa kwenye nyumba au ambaye ndugu yake yuko mahabusu bila kufikishwa mahakamani, hana sababu ya kuvuka bahari kwenda Robben. Pale anapata historia. Msaada hautolewi pale.

Constitution Hill, Johannesburg, walikwenda kinyume. Ngome ilijengwa enzi za Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu, miaka ya 1890. Baadaye pakaongezwa jela ya Waafrika iliyoitwa Number Four na jela ya wanawake. Gandhi alipita hapo, Luthuli, Sobukwe, Winnie Mandela na mumewe. Gereza lilifungwa 1983, likaachwa likichakaa kwa muda mrefu. Nchi ilipopata katiba mpya na kutafuta mahali pa Mahakama ya Katiba, majaji walipachagua hapo. Mahakama ilifunguliwa tarehe 21 Machi 2004, Siku ya Haki za Binadamu nchini mwao.

Jengo la mahabusu waliosubiri kesi lilibomolewa, zikaachwa ngazi zake nne zimesimama peke yake, na matofali yake yakajengea ukuta wa ukumbi wa mahakama. Milango mikubwa ya mbao imechongwa haki 27 zilizomo katika sura ya haki ya katiba yao. Ndani ya ukumbi kuna dirisha refu jembamba lililo usawa wa ardhi ya nje, kwa hiyo majaji wakiwa kazini wanaona miguu ya watu wanaopita, wenye viatu vya kung'aa na wenye kandambili. Mimi napenda dirisha lile kuliko milango. Linamkumbusha jaji anamfanyia kazi nani.

Siyo kwamba hakuna waliolalamika. Waliowekwa kwenye jengo lililobomolewa hawana tena selo ya kuwaonyesha wajukuu, wanaonyesha ngazi. Na kuweka mahakama, ofisi na maonyesho pamoja kunahitaji fedha za kila mwaka na uvumilivu wa kila siku, kwa sababu wenye suti na watoto wa shule hawatumii lango kwa namna moja.

Basi ukilinganisha: Robben inamgusa mgeni zaidi, Constitution Hill inamfaa mwenyeji zaidi. Robben inategemea boti, tiketi na watalii. Constitution Hill inategemea serikali na kazi inayoendelea humo. Wazee wa mwisho wakiondoka, Robben itabaki na kanda zao za sauti, wakati Constitution Hill itaendelea kupokea kesi. Kwa mji kama Dodoma, ambao watalii wengi hupita haraka wakielekea mbugani au hawapiti kabisa, jibu langu mnaliona linakoelekea.

Buenos Aires: usipake rangi ukuta

Argentina wana mfano wa tatu, na ningekuwa nawapa kamati kitu kimoja tu cha kusoma kabla ya kushika nyundo, ningewapa huu. Shule ya ufundi ya jeshi la majini, ESMA, ilitumika kati ya 1976 na 1983, enzi za utawala wa kijeshi, kama mahali pa kuteka, kutesa na kupoteza watu. Wanakadiriwa 5,000 walipita humo, wachache wakatoka hai. Wanawake walijifungua humo, watoto wakachukuliwa.

Mwaka 1998 Rais Carlos Menem aliamuru pabomolewe pawekwe mnara wa umoja wa kitaifa. Familia za waliopotea zilikwenda mahakamani, zikashinda. Hoja yao ilikuwa nyepesi: jengo ni ushahidi, na kesi hazijaisha. Mwaka 2004 Rais Néstor Kirchner alipatoa pawe mahali pa kumbukumbu na haki za binadamu. Leo eneo hilo la hekta 17 lina ofisi za mashirika ya haki, wakiwemo kina mama na kina bibi waliotafuta watoto na wajukuu wao, lina nyaraka, na lile jengo la maofisa lililokuwa kitovu cha mateso ni makumbusho tangu 2015. UNESCO walilikubali 2023.

Hoja ile ya ushahidi ilibadilisha hata namna ya kupanga maonyesho. Kuta hazikupakwa rangi wala kuchimbwa, na mabango yanasimama yenyewe bila kupigiliwa misumari. Hapa kwetu kitu cha kwanza tunachofanya tukikabidhiwa jengo la zamani ni chokaa, halafu rangi ya mafuta ya kahawia mpaka kiunoni. Jengo linapendeza, na majina yaliyokwanguliwa ukutani kwa msumari yamekwenda. Naomba hilo lisitokee.

Argentina wanatufundisha mengine mawili yasiyopendeza. Mwishoni mwa 2012 Wizara ya Sheria iliandaa nyama choma ya kufunga mwaka ndani ya eneo lile, na ugomvi uliozuka haukuwa mdogo, kwa sababu neno hilohilo la nyama choma watesaji walilitumia kwa kuchoma maiti. Kwa hiyo ukumbi wa kukodisha kwa sherehe, ambao kila mtoa bajeti wetu ataupendekeza, unahitaji kanuni zilizoandikwa mapema. La pili, serikali ya Javier Milei ilipoingia Desemba 2023 ilipunguza wafanyakazi wa maeneo hayo ya kumbukumbu. Kituo kinachokula kutoka mfuko mmoja kinalala njaa mwenye mfuko akibadilika.

Njia nyingine, kwa haraka

Kuwaachia waliokuwa wakilishika. Seoul walikuwa na jengo la polisi la kuwahoji wapinzani, Namyeong-dong, ambako mwanafunzi Park Jong-chul alifia Januari 1987 akiteswa kwa maji. Mwaka 2005 polisi wenyewe waliligeuza kituo cha haki za binadamu cha polisi. Nia inaweza kuwa njema kabisa, lakini mzazi wa aliyeteswa aende kumwuliza nani, askari? Mwishowe lilitoka mikononi mwao likaenda kwa taasisi ya demokrasia. Urusi ilitokea kinyume: makumbusho ya kambi ya Perm-36 yalianzishwa na wanaharakati miaka ya 1990, na kufikia 2015 mamlaka za jimbo zilikuwa zimeyachukua na simulizi ikaanza kupindishwa. Ukiziweka pamoja unaona kwamba suala la nani anashika funguo ni zito kuliko suala la jengo lenyewe.

Hoteli. Ureno, mwaka 2016, ngome ya Peniche iliyofunga wapinzani wa udikteta iliingia kwenye orodha ya majengo ya kukodishiwa wawekezaji wa hoteli. Waliofungwa humo walipiga kelele, serikali ikarudi nyuma, na leo ni makumbusho ya taifa ya upinzani na uhuru yaliyofunguliwa kikamilifu Aprili 2024. Sisi Watanzania huwa tunataja Changuu ya Zanzibar, ile inayoitwa kisiwa cha gereza, kuonyesha kwamba utalii na gereza vinapatana. Mfano huo hauna miguu. Changuu ilijengwa kuwa gereza mwishoni mwa karne ya 19 lakini ikaja kutumika kama karantini. Wageni wakilisha kobe pale hawamkanyagi mtu.

Kuahidi na kuacha. Nairobi, vyumba vya chini vya Nyayo House, ambako walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, waliteswa miaka ya 1980, vilifunguliwa watu wavione 2003 na ahadi ikatolewa kwamba patakuwa mnara wa kumbukumbu. Juu ya vyumba hivyo watu wameendelea kupanga foleni za pasipoti. Sina la kuongeza, ila kwamba hii ndiyo njia inayochaguliwa na wengi bila kupiga kura.

Ndogo na ya kawaida. Kapenguria, kaskazini magharibi mwa Kenya, selo walimofungwa Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi ya 1952 na 1953 ni makumbusho madogo tangu 1993, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji ni mdogo, mbali, hauna bahari wala uwanja mkubwa wa ndege. Wageni wake wakubwa ni wanafunzi. Kwa ukubwa, huu ndio mfano ulio karibu zaidi na sisi, na sijui kwa nini tukizungumza mambo haya tunarukia Cape Town.

Sasa kwetu: mjini au Kongwa?

Kongwa haikuwa gereza. Waingereza walianzisha pale mradi wa karanga 1947, ukafa 1951 ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 36. Juu ya mabaki hayo, 1964, Tanzania na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati huo, waliweka kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na wengine baadaye. Samora Machel aliiongoza kambi ya FRELIMO pale. Kuna makaburi, kuna wazee wanaokumbuka, na kuna familia za Kigogo ambazo binti zao walizaa na wapiganaji walioondoka.

Kwa hiyo wazo la kituo Kongwa lina mvuto, na nchi ina programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika inayolitazama eneo hilo. Tatizo langu ni hadithi itakayosimuliwa. Tunajua kusimulia tulivyowapokea. Hatusimulii sana tulivyowafunga. Mwaka 1976 wanachama wa SWAPO waliohoji uongozi wao, akiwemo Andreas Shipanga, walikamatwa Zambia, wakaletwa Tanzania na kuwekwa gerezani bila kesi mpaka 1978. Na waliofungwa hivyo hawakuwa wageni peke yao. Sheria ya 1962 ya kuweka watu kizuizini ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila mahakama, na ilitumika. Abdulrahman Babu, aliyewahi kuwa waziri, alikaa magereza ya Bara kuanzia 1972 hadi 1978. Bibi Titi Mohamed alipitia njia tofauti, yeye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha 1971 na kusamehewa 1972. Tume ya Nyalali, iliyofanya kazi 1991 na 1992, iliitaja sheria ile ya kizuizini kati ya sheria kandamizi arobaini hivi.

Kituo cha haki za binadamu mkoani kwetu kitakachoeleza ukarimu wa Kongwa na kunyamazia kizuizini kitakuwa ofisi ya utalii. Naamini wazee wetu wana uwezo wa kubeba yote mawili. Nchi iliyowapa wengine ardhi ya kupigania uhuru ndiyo hiyohiyo iliyowaweka ndani watu wake bila kesi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaelewa hilo bila kuchanganyikiwa, wanaochanganyikiwa ni watu wazima.

Tukija kwenye kuchagua mahali, mji na Kongwa vina faida tofauti. Kongwa ina ardhi yenyewe, makaburi na mashahidi. Lakini ukitoka Dodoma unakwenda mpaka Mbande, unaacha barabara kuu ya Morogoro, na gari la kuingia ndani unalisubiri. Mama wa Bahi mwenye bahasha ya karatasi za mirathi hatafanya safari hiyo. Mjini atafika, kwa sababu mjini anafika tayari kwa mambo mengine: hospitali, benki, sokoni Majengo. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, ilionyesha wazi watu wanakuja na nini wakiwekewa meza: ardhi, mirathi, matunzo ya watoto, ndugu aliye mahabusu. Kampeni ina mwanzo na mwisho, kituo kingekuwa na mlango.

Uamuzi wangu basi ni kuvitenganisha. Dawati la haki liwe mjini, ndani ya jengo la zamani likipatikana na hata lisipopatikana. Kumbukumbu iwe Kongwa, ndogo, ya mtindo wa Kapenguria. Anayetaka vyote viwe mahali pamoja atapata ama makumbusho yasiyo na wageni, ama dawati lisilo na watu.

Wapo watakaoniambia Mazimbu, Morogoro, ni ushahidi kwamba mahali pa mbali panaishi. Kweli, shule ya ANC ya Solomon Mahlangu ilikabidhiwa Tanzania 1992 na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, makaburi yapo na majengo hayajawa magofu. Lakini angalia kilichoyaokoa: wanafunzi wanaolala humo kila siku. Kongwa ikipata shule au chuo ndani ya eneo, hoja yangu inalegea, na nitafurahi ilegee.

Funguo

Nani aendeshe? Halmashauri ina ardhi lakini inabadilika kila uchaguzi, na vipaumbele vyake ni madarasa na zahanati, na siwalaumu. Makumbusho ya Taifa wanajua kutunza vitu, ila hawatoi ushauri wa dhamana. Tume ya Haki za Binadamu ina kitu ambacho wengine hawana: sheria yake ya 2001 inaipa uwezo wa kuingia magerezani na mahabusu kukagua. Dawati likiwa jirani na chombo chenye uwezo huo, malalamiko ya mke kwamba mumewe yuko selo siku ya tisa hayaishii kwenye daftari. Hata hivyo Tume ni ya serikali, na somo la Seoul na la Perm ni kwamba mshika funguo mmoja hatoshi.

Mimi ningesajili bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili bodi za aina hiyo, viti vigawanywe: Tume, chama cha wanasheria, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, chuo kikuu kimoja, na waliowahi kuwekwa ndani au watoto wao. Kundi la mwisho lisipungue viti viwili, maana kiti kimoja huwa cha kupiga picha. Askari magereza mstaafu pia namtaka, si kwenye bodi, bali kwenye maonyesho. Aliyeendesha karandinga ana simulizi yake, na nyapara pia, na hawa hawaulizwi kamwe.

Na kama fedha zinatosha chumba kimoja tu, nisingeanza na vioo vya maonyesho. Meza, benchi la kusubiria, kabati linalofungwa kwa ajili ya mafaili ya watu, msaidizi wa kisheria anayelipwa mshahara badala ya posho ya nauli, na kinasa sauti kizuri. Siku nne za wiki ni kupokea watu. Siku ya tano kinasa sauti kinapanda gari la Kongwa, kwa sababu waliokuwa vijana wa miaka ishirini mwaka 1964 sasa wamevuka themanini, na jengo linaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao.